Nani Anapanga Bei ya Wakili?

Mwaka 1971, Lewis Goldfarb na mkewe Ruth walipata nyumba ya kununua katika wilaya ya Fairfax, jimbo la Virginia, karibu na jiji la Washington. Mkopeshaji alitaka bima ya hatimiliki, na bima hiyo haikupatikana mpaka hatimiliki ichunguzwe. Kwa sheria za Virginia, uchunguzi huo haukuruhusiwa kufanywa na mtu yeyote asiye wakili. Wakili wa kwanza waliyemwendea aliwatajia asilimia 1 ya thamani ya nyumba, akaeleza kwamba kawaida yake ni kufuata jedwali la ada za chini lililochapishwa na chama cha mawakili cha wilaya. Wakaandika barua kwa mawakili wengine 36. Waliojibu walikuwa 19. Hakuna aliyetaja bei iliyo chini ya hiyo, na baadhi yao waliongeza kwamba hawamfahamu wakili yeyote wa hapo ambaye angekubali kushuka.

Barua hizo zikawa ushahidi. Familia ya Goldfarb ilifungua kesi kwa niaba yao na ya wanunuzi wengine wa nyumba katika wilaya hiyo, wakidai kwamba jedwali lile lilikuwa makubaliano ya kupanga bei, jambo lililopigwa marufuku na Sheria ya Sherman tangu 1890. Chama cha mawakili kilijitetea kwa hoja yenye heshima zake: uwakili ni taaluma, si biashara, na sheria ya wafanyabiashara haiwahusu wasomi. Tarehe 16 Juni 1975, Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa hoja hiyo kwa kura 8 bila hata moja ya kupinga. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba kuchunguza hatimiliki ni huduma, na huduma inapobadilishwa na fedha, hiyo ni biashara kwa maana ya kawaida kabisa ya neno.

Kwa mchumi, sehemu tamu ya kesi hii ni ile asilimia 1.

Kazi yenyewe ni hii: wakili, au mara nyingi karani wake, anafungua rejesta ya ardhi na kufuata majina ya wamiliki waliotangulia. Anatazama kama kuna rehani isiyolipwa, zuio la mahakama, haki ya njia inayokata kiwanja, kodi inayodaiwa. Kisha anaandika maoni yake. Nyumba ikiuzwa dola 25,000, kurasa za kupekua ni zile zile ambazo zingepekuliwa kama ingeuzwa dola 50,000, na huenda ile ya bei ndogo ikawa na historia ndefu yenye mafundo zaidi. Lakini kwa jedwali la Fairfax mnunuzi wa kwanza alilipa dola 250 na wa pili 500. Tofauti hiyo haielezwi na saa za kazi. Inaelezwa na uwezo wa mnunuzi kulipa.

Kumtoza kila mteja kulingana na mfuko wake kwa kazi ile ile ni jambo linalowezekana mahali pamoja tu: pale ambapo mteja hana pa kukimbilia. Kama mawakili wangekuwa wanashindana, mmoja wao angemwambia mnunuzi wa nyumba ya dola 50,000, "Njoo kwangu, nitakufanyia kwa 350," na bado angebaki na faida nono. Mwingine angesema 300. Ada ingeshuka mpaka karibu na gharama halisi ya kazi. Kwa hiyo ada ya asilimia inahitaji mlinzi, na mlinzi wa Fairfax alikuwa jedwali pamoja na maoni ya maadili yaliyotolewa na chombo cha mawakili cha jimbo, yaliyosema kwamba wakili mwenye mazoea ya kutoza chini ya jedwali anaweza kuhesabiwa kuwa amekosa nidhamu. Wapanga bei wa saruji au sukari wana kazi ngumu ya kuwaadhibu wenzao wanaokiuka makubaliano kwa siri. Mawakili walikuwa na kamati ya nidhamu tayari.

Kuna utetezi mmoja wa asilimia unaostahili kusikilizwa. Wakili akikosea katika nyumba ya bei kubwa, fidia atakayodaiwa nayo ni kubwa, na bima yake ya kitaaluma hupanda kwa kadiri hiyo. Ni kweli. Ila hatari hiyo inaeleza tofauti ndogo ya ada, haielezi ada kuwa maradufu kila thamani inapokuwa maradufu.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, na ndio unaosikika hadi leo Nairobi, Dar es Salaam na Roma: ada ya chini hulinda ubora. Nadharia iliyo nyuma yake inajulikana. Mwaka 1970 George Akerlof alionyesha, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba pale muuzaji anapojua ubora na mnunuzi hajui, bidhaa mbovu zinaweza kuzifukuza nzuri sokoni. Miaka mitatu baadaye Michael Darby na Edi Karni waliandika kuhusu huduma ambazo mteja hawezi kuzipima hata baada ya kuzipokea. Fundi gari akisema gia boksi nzima ilikuwa imekufa na ameibadilisha, mwenye gari ataona gari linatembea, basi. Hatajua kama ilihitaji skrubu moja tu. Wakili naye akishindwa kesi, mteja hawezi kujua kama kesi ilikuwa mbovu au wakili ndiye mbovu. Katika soko la namna hiyo, hoja inasema, ukiacha bei zishuke, wenye kazi nzuri watashindwa na walipua kazi.

Hoja ina akili, lakini ina tundu. Ada ya chini humhakikishia wakili kipato, haimhakikishii mteja kazi. Wakili aliyepekua rejesta kwa siku mbili na yule aliyeitazama kwa dakika kumi wanapata asilimia ile ile. Ikiwa shida ni kwamba mteja haoni ubora, basi kupandisha bei hakumpi macho. Vinavyosaidia ni mitihani ya kuingia katika taaluma, nidhamu inayofanya kazi kweli, bima ya lazima, na taarifa za wazi kuhusu nani anatoza nini.

Uingereza ilipitia jaribio linaloweza kupimwa. Jedwali la ada za kuhamisha umiliki wa nyumba lilifutwa huko mwaka 1973, lakini kazi yenyewe ikabaki mikononi mwa mawakili peke yao, na malalamiko hayakuisha. Mwaka 1983 mbunge Austin Mitchell alipeleka bungeni muswada wa kuvunja ukiritimba huo. Serikali ikaahidi kuchukua hatua, na sheria ya 1985 ikaanzisha kundi jipya la wataalamu wenye leseni ya kuhamisha umiliki tu, ambao hawakuhitaji kuwa mawakili. Wa kwanza walianza kazi mwaka 1987. Kabla ya hapo, mwaka 1984, chama cha mawakili kiliruhusu wanachama wake kujitangaza. Simon Domberger na Avrom Sherr, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1989, walikuta kwamba tishio la washindani wapya lilishusha ada, likapunguza ile tabia ya kumtoza zaidi mwenye nyumba ya thamani kubwa, na wateja wakaridhika zaidi na huduma. Wimbi la kazi mbovu lililotabiriwa halikuonekana katika takwimu zao.

Kujitangaza ni nusu ya habari. Bei isiyojulikana haiwezi kushindana. Marekani ililitambua hilo miaka miwili baada ya kesi ya Goldfarb, kupitia vijana wawili wa Phoenix, Arizona: John Bates na Van O'Steen. Walikuwa wamefanya kazi katika ofisi ya msaada wa kisheria, na mwaka 1974 wakafungua kliniki yao ya sheria kwa watu wa kipato cha kati, wale wasio maskini vya kutosha kupata msaada wa bure wala matajiri vya kutosha kuingia ofisi ya wakili bila hofu. Mpango wao ulitegemea wingi: kesi nyingi za kawaida, fomu zilizoandaliwa, faida kidogo kwa kila moja. Wingi hauji bila tangazo, na matangazo yalikuwa marufuku.

Tarehe 22 Februari 1976 wakaweka tangazo katika gazeti la Arizona Republic. Halikuwa na mbwembwe: mchoro wa mizani na orodha ya bei. Talaka isiyo na mgogoro, dola 175 na 20 za kufungulia shauri mahakamani. Kubadili jina, dola 95 na 20 za mahakama. Kufilisika kwa mtu mmoja asiye mfanyabiashara, 250 na 55. Kwa hayo wakashtakiwa kwenye nidhamu. Mwaka 1977 Mahakama Kuu iliwapa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4, lakini kwa msingi wa uhuru wa kujieleza. Dai lao la pili, kwamba marufuku ilivunja sheria ya ushindani, lilikataliwa.

Mbona Goldfarb alishinda kwa sheria ya ushindani, na Bates akashindwa kwa sheria hiyo hiyo? Jibu ndilo kiini cha eneo hili la sheria, na linawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Jedwali la Fairfax lilipangwa na mawakili wenyewe. Hakuna sheria ya jimbo iliyowaamuru. Marufuku ya Arizona ilikuwa amri ya mahakama kuu ya jimbo, yaani dola yenyewe. Sheria ya ushindani hukamata washindani wanaokubaliana. Dola inapoamuru, sheria hiyo hurudi nyuma. Mchumi akitazama mfuko wa mteja haoni tofauti. Hakimu anaiona, na inaamua kesi nzima.

Ulaya nayo imechora mstari pale pale. Mwaka 2006, katika kesi ya Cipolla kutoka Italia, Mahakama ya Umoja wa Ulaya haikuliona jedwali la ada za mawakili kuwa njama ya kupanga bei, kwa kuwa lilipitia mikononi mwa serikali kabla ya kuwa sheria, ingawa iliona kwamba ada ya chini ya lazima huwazuia mawakili wa nchi nyingine kuingia sokoni. Italia yenyewe ilikuwa imekwisha kufuta ulazima wa ada za chini Julai ya mwaka huo huo. Lakini Januari 2024 mahakama hiyo iliamua shauri la Bulgaria, ambako ada za chini zilipangwa na baraza la mawakili lenyewe na kupewa nguvu ya sheria. Kampuni iliyoibiwa gari ilikuwa imemshtaki mtoa bima, na hakimu alijikuta haruhusiwi kupunguza gharama za wakili chini ya jedwali hata anapoona zimezidi kazi iliyofanyika. Majaji hao wa Ulaya wakasema huko ni kupanga bei, na hakimu wa nchi lazima akatae kulitumia jedwali hilo.

Sasa Kenya. Amri ya Malipo ya Mawakili ya nchi hiyo ni ya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na imerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo 2014. Hutolewa na Jaji Mkuu chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Mawakili, kwa mapendekezo ya baraza la Chama cha Mawakili cha Kenya. Katika kuuza na kununua ardhi, ada hufuata thamani ya mali. Kifungu cha 36 kinamfanya wakili anayejitangaza kuwa tayari kufanya kazi chini ya kiwango hicho kuwa mkosaji wa jinai. Kifungu cha 46 kinabatilisha mkataba wowote ambao wakili amekubali kulipwa pungufu. Na kifungu cha 34 kinamzuia asiye wakili kuandaa hati za uhamisho kwa malipo. Weka vifungu hivyo mezani pamoja: bei ya chini, adhabu kwa anayeshuka, na mlango uliofungwa kwa anayetaka kuingia. Fairfax ilikuwa na vyote hivyo, isipokuwa sahihi ya Jaji Mkuu.

Sahihi hiyo ina uzito. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inataka chama cha kitaaluma chenye kanuni zinazobana ushindani kiombe msamaha kwa Mamlaka ya Ushindani. Kanuni za chama ni jambo moja. Amri iliyotolewa kwa mamlaka ya sheria ya Bunge ni jambo jingine. Tanzania iko katika hali inayofanana: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei, huku Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 ikisimama juu ya Sheria ya Mawakili. Kwa hiyo anayetarajia Tume ya Ushindani itaingia ofisi za mawakili kama inavyoweza kuingia maghala ya wafanyabiashara, huenda akasubiri sana. Njia iliyo wazi zaidi ni kurekebisha amri zenyewe.

Haki itendeke: majedwali haya yana kazi moja halali ambayo wakosoaji huisahau. Katika mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza, anayeshindwa kesi kwa kawaida hulipa gharama za mshindi. Msajili anayekadiria gharama hizo anahitaji kipimo, vinginevyo mshindi atamletea mshindwa bili ya kumfilisi. Jedwali humlinda mshindwa dhidi ya bili ya mtu ambaye hakumwajiri. Lakini kinachotafutwa hapo ni kikomo cha juu. Kati ya wakili na mteja wake mwenyewe, waliokaa meza moja na kupatana, hitaji hilo halipo. Kosa ni kutumia chombo kimoja kwa kazi mbili. Ndilo lililomfunga mikono hakimu wa Bulgaria.

Nairobi ya leo inaonyesha jinsi kiini cha kazi kinavyobadilika huku bei ikibaki pale pale. Tangu Aprili 2021 upekuzi wa rejesta ya ardhi jijini umeanza kuhamia kwenye mfumo wa Ardhisasa, mtandaoni. Kazi iliyokuwa ya foleni na mafaili sasa inaweza kufanywa na karani kwenye kompyuta, na upekuzi wa kiwanja cha Karen haumchukui muda zaidi ya wa kiwanja cha Embakasi. Mahali penye ushindani, teknolojia ya namna hii hushusha bei ya mteja. Penye ada ya chini iliyofungwa kwenye thamani ya ardhi, akiba yote humwendea anayetoa huduma, na ada hupanda kila ardhi inapopanda bei.

Kuhusu matangazo, Kenya imesogea. Mwaka 2012, katika kesi ya Okenyo Omwansa, Mahakama Kuu ilisema marufuku ya jumla ya mawakili kujitangaza haipatani na Katiba, na kanuni za 2014 zikafungua mlango kiasi. Lakini tangazo lisiloruhusiwa kutaja bei iliyo chini ya kiwango ni tangazo lililokatwa ulimi. Bates na O'Steen wasingekuwa na la kuchapisha.

Kuna kesi moja ambayo uchumi hauimalizi kirahisi. Septemba 1983 mawakili wapatao 100 wa Washington, waliokuwa wakiwatetea washtakiwa maskini kwa malipo ya serikali, waligoma kupokea kesi mpya. Walikuwa wakilipwa dola 30 kwa saa mahakamani na 20 nje ya mahakama, viwango vya tangu 1970. Ndani ya wiki mbili serikali ya jiji ilikubali dola 35. Tume ya biashara ya shirikisho ikawashtaki kwa kupanga bei, na mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubalia: sababu nzuri haifuti makubaliano ya bei. Kisheria hukumu imenyooka. Kiuchumi inakera, kwa sababu upande wa pili wa meza alikaa mnunuzi mmoja tu, serikali, aliyekuwa akijipangia bei kwa miaka 13, na sheria ya ushindani haikumgusa. Waliokuwa wakilipia tofauti ni washtakiwa waliotetewa kwa haraka haraka.

Namna ya kumlipa wakili nayo hutengeneza tabia yake, jedwali liwepo au lisiwepo. Adam Smith aliliona hilo mwaka 1776, aliposema kwamba makarani na mawakili wa Ulaya, kwa kulipwa kwa idadi ya kurasa, walijifunza kuongeza maneno yasiyohitajika hadi wakaiharibu lugha ya sheria. Ukilipa kwa saa, saa huongezeka. Ukilipa kwa asilimia ya thamani, wakili hupenda mali kubwa na huikimbia ndogo. Malipo ya kushinda tu, ambayo Kenya inayabatilisha chini ya kifungu cha 46 na Marekani inayaruhusu katika madai mengi, humfanya wakili achague kesi zenye nguvu na kuziacha zile anazoziona dhaifu. Kwa mteja asiye na kitu, hata hivyo, hiyo mara nyingi ndiyo njia pekee ya kumpata wakili.

Na bila malipo ya namna hiyo, hata sheria ya ushindani yenyewe hulala. Kila familia ya Fairfax ilizidishiwa si zaidi ya mamia machache ya dola. Hakuna ambaye peke yake angelipia kesi ya kufika Mahakama Kuu. Marekani huwapa walioumizwa fidia mara tatu ya hasara na kumlazimisha mkosaji alipe ada za wakili wao, tena huwaruhusu kudai kwa pamoja. Tanzania na Kenya zimeegemea mamlaka za umma na faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mapato ya mwaka ya mkosaji. Faini huingia serikalini. Mnunuzi aliyezidishiwa bei harudishiwi kitu kutoka kwenye faini hiyo.

Kinachowezekana haraka kinajulikana. Majedwali ya kazi zisizo na kesi yageuzwe bei elekezi, ili mteja ajue kiwango cha kawaida na wakili awe huru kushuka. Majedwali ya gharama za kesi yabaki, kama kikomo cha juu kwa anayeshindwa. Mawakili wataje bei zao hadharani. Tanzania imekwisha kuwatambua wasaidizi wa kisheria kwa sheria ya mwaka 2017, na hatua ya pili ni kuuliza ni kazi zipi za ardhi na mirathi ndogo ambazo mtu mwenye leseni nyembamba angeweza kuzifanya kwa malipo, kama ilivyofanyika Uingereza. Huko Kenya, kuondoa kosa la jinai la kifungu cha 36 kunahitaji Bunge. Kubadilisha jedwali lenyewe hakuhitaji Bunge. Kunahitaji Jaji Mkuu, na pendekezo la chama cha mawakili wenyewe.